Bomba Lisiloshiba

Kwa usafi wa kazi, ndugu zangu, sina mpinzani. Mimi ni fundi pikipiki, lakini sakafu ya gereji yangu unaweza kuilalia na shati jeupe, ukaamka ukaenda harusini.

Jioni moja narudi nyumbani, dada yangu ananikodolea macho kama kaona mzuka.

"Ulipita hapa mchana?"

"Nipite kufanya nini? Nilikuwa nashusha injini."

"Bibi kakukaribisha mara tatu."

Bibi yetu haoni. Ananijua kwa harufu ya petroli mikononi. Nikikanyaga mlangoni tu: "Karibu, mume wangu!" Nami: "Nimefika, mke wangu, chakula kiko wapi?"

Ndio utani wetu. Sasa alikuwa anautania upepo.

"Labda ana mume mwingine," nikasema.

Dada hakucheka. Alikuwa amempakata mwanawe wa miezi minane, aliyekuwa akitapika tangu asubuhi.

Kesho yake nikarudi mapema, nikachungulia dirishani. Bibi kakaa peke yake, kikombe cha maji mkononi, uso kaugeuzia kiti kitupu.

"Mbona kimya, mume wangu? Umenuna?"

Nywele zilinisimama.

Wiki hiyohiyo mtaa mzima ukaanza kulalamika: maji ya kisima tunachoteka sote yananuka. Mdomo wangu, kama kawaida, ukatangulia.

"Ni dobi huyo! Dawa zake za madoa anazimwaga wapi?"

Dobi ni mama jirani na gereji yangu. Siku nne tu, kamba zake za kuanikia zikabaki tupu. Hata salamu yake watu wakaiogopa.

Sasa niwape siri ya usafi wangu.

Nyuma ya gereji kuna bomba la chuma limechomoza ardhini. Ni kisima cha zamani, pampu iling'olewa. Petroli chafu ya kuoshea vipuri naimwaga humo. Miaka miwili, halijawahi kujaa. Unamimina, kimya, halafu huko chini kabisa linaguna.

Nilikuwa nalitania: "Kunywa, mzee, leo nanunua mimi."

Jumamosi fundi wa maji, mwanamke mmoja mwenye buti za mpira, akatukusanya kisimani. Kajaza chupa, akaipitisha watu wanuse.

"Maji ya chini yanatembea," akasema. "Udongo huchuja kiasi. Lakini tundu linaloshuka mpaka kwenye maji halichuji kitu. Pampu hii ikivuta, uchafu unakuja wenyewe. Nani ana tundu la namna hiyo?"



"Mwulizeni dobi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Mimi namwaga juu ya ardhi, kila mtu anaona," mama dobi akajibu. Hakunitazama hata.

Nikarudi nyuma, nikajibanza mwisho kabisa wa umati. Chupa ikafika kwa bibi, dada kamshika mkono. Bibi akainusa. Akatabasamu.

"Karibu, mume wangu."

"Bibi," dada akanong'ona, "hayo ni maji."

"Najua ni maji, mimi si mtoto. Lakini mume wangu yumo humu."

Watu wakaangua kicheko.

Kisha vicheko vikafa, kimoja kimoja. Dobi ndiye aliyegeuka wa kwanza. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

Nikaitia mfukoni. Nilishachelewa.

Kisima kimefungwa. Mtoto anapata nafuu, na maji tunayafuata mbali. Madumu ya dobi nayabeba mimi. Nilimwomba radhi mbele za watu. Akasema, "Nimesikia." Kusamehe hajasema.

Ukipata shimo lisilojaa, ndugu yangu, usishangilie. Jiulize nani anakunywa.

Siku hizi naosha vipuri kwa sabuni. Jana nimeingia ndani, mikono inanukia maua. Bibi hakunikaribisha. Akashika kikombe chake, akakinusa, akaniuliza:

"Wewe ni nani?"