Radi ya Ikonge na Radi ya Nyamusi

Mtu asijisifu ameisikia radi kama hajakaa Ikonge. Radi za kwingine ni kikohozi tu. Ya Ikonge ilimchukua Manasseh kwenye majani chai, kikapu kikiwa bado mgongoni. Tangu hapo mkewe, Tryphosa, akisikia ngurumo hufunika kioo kwa leso, hupindua sufuria, huzima simu na kuizika ndani ya debe la nafaka ya wimbi. Majirani humtania kwamba radi haina namba yake. Yeye hacheki.

Na huyo huyo ndiye aliyezaa mfuga radi. Binti yake Nyamusi yuko Ujerumani, kwenye maabara inayotafuta kutengeneza umeme jinsi jua linavyowaka.

"Ni moto wa plazma, mama," alimweleza kwa simu. "Unazunguka ndani ya pete ya chuma, sumaku zimeushika usiguse ukuta. Ndani yake kunapita mkondo wa umeme. Mkondo ukilegea mahali, moto unayumba. Basi tunapalenga hapo kwa mawimbi ya maikrowevu, kama ya lile jiko la umeme la jirani yetu Mama Cynthia, ila makali mno. Yanausukuma umeme, mkondo unakaa sawa."

"Na ukikataa?"

"Moto unagonga ukuta, unazimika."

"Na wewe uko wapi?"

"Chumba kingine, mama. Alhamisi nalenga mimi. Nikimaliza nitakupigia."

Alhamisi alasiri wingu likajaa upande wa Kebirigo. Ngurumo ya kwanza ikatikisa mabati. Mikono ya Tryphosa ikakimbia: kioo, sufuria. Kwenye simu ikagoma.

"Zima hiyo kitu, shemeji," akasema Ogeto, nduguye Manasseh, aliyekuwa amejikinga mvua humo. "Unataka tuzikwe wawili?"

"Nikizima nitajuaje kama mtoto ako hai?"

"Si atapiga kesho."

"Ndugu yako pia alisema atakunywa chai akirudi."

Ogeto akasogeza kiti chake hadi mlangoni.

Simu ikalia. Tryphosa akaishika kama mtu anayeokota kaa la moto.

"Mama, moto uliyumba, nikalenga, ukatulia! Nimeweza—"

Nyumba ikawa nyeupe. Mlio ukafuata hapo hapo, migomba ikalala.

"Mama? Hiyo ni radi? Mama, zima simu! Zima!"

Akazima, akaizika. Mvua ikaendelea kupiga. Ndipo akakumbuka kwamba hakumjibu mtoto hata neno moja, na kwamba huko Ujerumani binti wa Manasseh ameshika simu iliyokatika.

Mkono ukarudi ndani ya wimbi, ukaishika simu, ukakaa humo humo.