Nilivyomsindikiza Binti Yangu Kazini

Binti yangu aliingia katika utafiti wa ulevi kwa kusikiliza kanda. Alikuwa amemaliza chuo cha ustawi wa jamii wakati serikali imesimamisha ajira, na mimi, mtendaji wa kijiji mwenye cheti cha kidato cha nne, sikuwa na mkubwa yeyote wa kumpigia hodi. Ndipo akasikia kwamba daktari mmoja, mwanamke kutoka Dar es Salaam, anatafuta mtu wa kuandika kwenye karatasi maneno ya mahojiano yaliyorekodiwa kwa Kinyaturu, lugha yetu. Akapanga chumba Unyambwa, nje kidogo ya mji, akawa anashinda na redio kaseti, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, anaandika.

Siku niliyomtembelea nilimkuta macho mekundu.

"Shikamoo baba. Kaa hapo kitandani, kiti kimejaa kanda."

"Marahaba. Wanasema nini hao watu?"

"Wanaeleza walivyoanza kunywa."

"Na wewe unalipwa kusikia hayo?"

Akacheka. "Kulipwa ni neno kubwa, baba."

Nilirudi nyumbani nimechoka, si kwa safari. Nilikuwa nimeota mwanangu ofisini, ana meza na mhuri. Lakini miaka ile ofisi zilikuwa zinapunguza watu. Ushirika ulikuwa umekufa, na alizeti tulimuuzia yeyote aliyekuja na mizani yake, hata tulipojua kuwa mizani inadanganya. Pale Mkiwa, njia panda, kila msimu vibanda vya pombe viliongezeka, na vijana waliokuwa wakiuza kuku kwa wasafiri walianza kurudi nyumbani wakiyumba. Pombe ya mtama tuliizoea tangu kwa babu zetu. Gongo, pombe kali iliyopigwa marufuku, ilikuwa kitu kingine, na ilikuwa inawafikia watoto wa shule. Daktari alitaka kujua mtoto anaanzaje, ili apatikane mtu wa kumzuia kabla hajaanza.

Huyo daktari aliona kwamba binti yangu haandiki maneno tu. Aliandika pia mahali mtu aliponyamaza, na mahali alipocheka bila kuwa na furaha. Akamtoa kwenye kanda, akamfanya mhoji. Akamwambia wazi: kuna nafasi moja ya kwenda kusoma shahada ya pili, na wasaidizi wanaofikiriwa ni wawili, yeye na kijana mmoja aliyekuwa akijumlisha takwimu mjini. Akimaliza vizuri vijiji vya upande wetu wa Mungaa, nafasi ni yake.

Mimi sikulala vizuri niliposikia atakuwa anaingia vilabuni na majumba ya wapika pombe. Binti ambaye hajaolewa! Nikamwambia mama yake kwamba watu watasema.

"Watu gani?" akaniuliza, anapepeta uwele. "Hao hao niliowauzia pombe akapata ada? Au unadhani ada ililipwa na mhuri wako?"

Basi nikatoa amri. Nikasema nitamsindikiza mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

"Baba, unitambulishe mlangoni tu," binti akaniomba. "Ukishanitambulisha uondoke. Ndivyo kazi ilivyo."

"Kwetu anayemleta mgeni ndiye anayemwondoa," nikamjibu. Na ni kweli, ndiyo desturi yetu. Kumwingiza mgeni kwa watu kisha ukamwacha ni kama kusema humjui. Sikujua kwamba desturi njema inaweza kukaa mahali pasipo pake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane mmoja, mwenzake mke wangu katika upatu. Alitutolea vigoda viwili, akaketi kwenye kizingiti cha nyumba yake ya tembe. Binti yangu akamsomea yale wanayosomewa wote: kwamba anaweza kukataa swali lolote, na kwamba atakayosema ni siri.

Mjane akaniangalia. "Siri? Na huyu mwenye mhuri naye ni siri?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Binti yangu hakucheka. Hakuweza kunifukuza mbele ya watu, mimi baba yake, basi akanitafutia njia.

"Baba, si ulisema unataka kwenda kuangalia ule mpaka wa shamba wanaogombania?"

"Mpaka haukimbii," nikasema, nikajiweka sawa kwenye kigoda.

Mwanzoni mjane alijibu kwa ufupi. Ndiyo, anapika pombe. Hapana, hajui kitu kingine. Lakini binti yangu aliacha Kiswahili akamuuliza kwa Kinyaturu alivyoishi tangu afiwe, kisha akanyamaza. Alikuwa na namna ya kunyamaza iliyomfanya mtu aendelee. Mjane akasahau kwamba nipo. Akasema pombe ya kawaida haikumtosha, akaanza kupika gongo nyuma ya zizi. Siku za mnada kazi humzidi, watoto wa shule humletea maji na kuni. Hana cha kuwalipa.

"Nawapa kikombe," akasema. "Kidogo tu. Wanakipenda."

Kalamu ya binti yangu ilisimama. Njiani kurudi alikuwa kama mtu aliyeokota kitu.

"Baba, umesikia? Wanalipwa kikombe! Sisi tumekuwa tukiuliza nani anawanunulia. Hakuna anayewanunulia. Wanafanya kazi, wanalipwa."

Nilisema nimesikia. Lakini nilikuwa nimesikia jambo lingine. Nilikuwa nimesikia: gongo, nyuma ya zizi, siku ya mnada.

Katibu tarafa alikuwa amenisema mkutanoni, mbele ya watendaji wenzangu, kwamba kijiji changu kinanuka gongo na mimi sina pua. Walicheka. Maneno yale yalinikaa. Na sitaki kusema ni hayo tu. Niliamini kweli kwamba ninamsaidia mwanangu. Neno la mradi wake lilikuwa kuzuia, na mimi kuzuia nilikokujua ni kwa mgambo. Basi nikaenda tarafani nikasema.

Siku ya mnada mgambo walikuja wakatoboa pipa la gongo, wakapinda mabomba yake, wakamtoa mjane na kanga moja kiunoni wakampeleka kituoni. Watoto waliokuwa wakichota maji walikimbilia kwenye mtama.

Binti yangu alikuwa kwenye nyumba nyingine akifanya mahojiano. Aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Baba, ni wewe?"

"Ni sheria."

"Nilimwambia ni siri."

"Wewe ndiye uliyemwambia," nikasema. "Mimi sikumwahidi kitu."

Nimesema maneno mengi mabaya katika maisha yangu, mengine nikiwa nimelewa. Hilo nililisema nikiwa mzima kabisa, na nikaliona zuri.

Kuanzia kesho yake hakuna aliyekunywa kijijini kwetu. Mzee mmoja alimjibu kwamba hajawahi kuonja, kata ya pombe iko mkononi mwake. Wanawake walimkaribisha kwa heshima, wakamjibu hapana kwa kila swali, wakamsindikiza mpaka njiani. Watoto waliimba nyuma yake, "Mgambo wa kike! Mgambo wa kike!" Akaendelea na madodoso yake mpaka alipoona kwamba anajaza uongo. Hapo akapanda gari kwenda mjini, akamweleza daktari yote, bila kuficha kwamba aliyetoa siri ni baba yake.

Daktari alikuja mwenyewe. Nilijiandaa kugombezwa na nilikuwa na majibu. Akanisalimia, "Shikamoo mzee," akaketi, akanywa maji niliyompa. Alisema kijiji chetu kimetolewa kwenye utafiti, na mahojiano yote ya hapa yamechanwa, pamoja na ya mjane.

"Hata lile la kikombe?" binti yangu akauliza.

"Hata hilo. Hatuwezi kutumia neno lililompeleka mtu kituoni."

Kisha akanigeukia. "Mzee, wanaume wanabaki ofisini na hesabu. Sisi wanawake tunatumwa kubisha hodi kwa sababu tunafunguliwa. Ndiyo ngazi pekee tuliyo nayo. Binti yako alikuwa anaipanda vizuri."

Nikainuka kumwongezea maji.

Mjane aliporudi, binti yangu alitaka kwenda kumwomba radhi. Nilisimama nivae viatu. "Leo ubaki, baba," akasema, na nikabaki. Yaliyotokea huko hakunieleza mimi, alimweleza mama yake. Mjane alimpa maji, lakini hakumpa kigoda. Alizungumza naye amesimama, akamwambia, "Wewe hukunidanganya, mwanangu. Ila hukumwambia baba yako aondoke." Binti yangu akasema ni kweli.

Nafasi ya masomo ilikwenda kwa kijana wa takwimu. Sina kinyongo naye, alikuwa na adabu. Baadaye alirudi akiwa msimamizi, na binti yangu akawa mmoja wa wahoji wake.

Alihoji miaka mingi. Ikawa mikataba ya miezi michache, mradi ukiisha anasubiri mwingine. Alihoji kuhusu ukimwi, kuhusu bangi, kuhusu pombe ya viroba ilipoingia, akilala gesti za wilaya ambazo sijui ziko wapi. Alizaa, mtoto akalelewa na bibi yake hapa kwetu, kwa sababu anayebisha hodi za watu hawezi kubisha na mtoto mgongoni. Wasichana aliowafundisha kuhoji walimpita, wengine wakaenda kusoma nje. Habari ya kikombe ilikuja kuandikwa na watu wengine, walioisikia mahali pengine. Alinisomea sehemu hiyo kwa sauti ya kawaida, kama anasoma bei ya mbegu.

Niliwahi kumwomba radhi. Tulikuwa tunapukuchua alizeti, na ilinichukua mfuko mzima kupata mwanzo wa sentensi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kimya, kwa ile namna yake ya kumfanya mtu aendelee, nami nikaendelea hata nikasema na yale ya katibu tarafa, ambayo hakuwa anayajua.

"Nimesikia, baba," akasema. Tukapukuchua.

Shahada ya pili ameipata juzijuzi, kwa kujilipia, akiwa na mvi. Sasa anaongoza utafiti wake mwenyewe. Alipopiga simu kutuambia, mke wangu alikuwa shambani, nikapokea mimi. Nikampongeza. Nikamuuliza ni utafiti wa nini na unafanyika vijiji gani.



"Ni wa vijana, baba," akasema. "Uko mbali na huko. Mama akirudi, mwambie anipigie."