Seva ya Omena Haipambwi

Sijaisahau Jumatatu ya pili ya mwezi ule wa Machi, mwanangu. Jana uliponiuliza ni eneokazi gani la picha, lile lenye madirisha na vitufe vya kubofya, linalopendeza zaidi kwenye seva ya kikundi chetu cha kinamama, hasira yangu yote ilirudi.

Nilikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mkubwa kuliko mwalimu wangu, niliyehitimu mafunzo ya mfumo wa kompyuta wa Linux Novemba iliyotangulia. Kinamama wa Usenge walinikabidhi seva ndogo, kompyuta inayoendesha tovuti yao, ambako wanunuzi wa Kisumu waliagiza omena, dagaa wa ziwani, kila asubuhi. Agizo lisipofika kabla ya saa nne, lori lilibaki Kisumu, na mvua ya alasiri ikaikuta omena ingali imeanikwa ufuoni.

Seva ilikaa sebuleni kwangu. Unajua kwetu mgeni haketishwi kwenye kiti kisicho na kitambaa. Niliionea aibu ile skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Nikachagua eneokazi zito kuliko yote, lenye madirisha yanayong'aa na picha ya ziwa, ili wageni wajue mjane naye amesoma. Upumbavu mtupu!

Jumatatu ile, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mapambo yale yalikuwa yamemeza kumbukumbu yote ya mashine. Hifadhidata ya maagizo ilizimika, tovuti ikafa, na hakuna agizo lililofika. Saa tisa mvua ikanyesha. Mwenyekiti wetu, Mama Atieno, aliingia na beseni la omena iliyolowa, akaliweka mbele ya skrini.

"Madam Kompyuta, hii sinema ni ya nani?"

"Ni ya wageni, mama."

"Wageni! Na hawa wateja walikuwa wanabisha mlango, nani aliwafungulia? Umevalisha mashine kitambaa mpaka ikakosa pumzi!"

Niliondoa eneokazi lile siku hiyo hiyo, lakini omena ya wanawake kumi na mmoja ilikuwa imekwisha kuharibika.

Kwa hiyo usiniulize lipi linapendeza. Seva ya tovuti haina wa kuitazama. Ina watu wa kuwahudumia. Iache bila eneokazi. Ukitaka madirisha, yaweke kwenye kompyuta yako, kisha uingie kwenye seva kwa kuandika amri. Ukiogopa amri, jifunze. Mimi nilijifunza nikiwa bibi.

Nimekukaripia kwa kuwa funguo za seva sasa ni zako. Mungu aipe mikono yako utulivu, akuepushe na majivuno yangu, na kinamama wa ufuoni walitaje jina lako kwa shukrani.