Safari Ambayo Mutai Hakuitangaza

Peterson Mutai ni mtu wa Bomet, na ukitaka kumwelewa anza na jinsi alivyotoka kwao. Majirani aliwaaga kwamba anakwenda Nakuru kununua kipuri cha mashine ya kusaga mahindi. Mama mmoja akamwagiza sabuni. Kesho yake jioni Mutai alikuwa angani anakuja Marekani, na yule mama wa sabuni anasubiri mpaka leo.

Msicheke, alikuwa na sababu. Binamu yake Kipkemboi ndiye aliyetangulia kupata viza. Ukoo ukachinja mbuzi, kanisa likamwekea mikono, chifu naye akasimama akahutubia. Kipkemboi alifika uwanja wa ndege, akarudishwa nyumbani na begi lake. Mama yake Mutai akakata shauri kwamba kijana alisemwa mno, na midomo ya watu imemfunga. Tangu siku ile, katika nyumba hiyo safari haitangazwi mpaka umefika. Hata sisi wa Tanzania wengi tulitoka hivyo hivyo. Mimi, Boniface, niliaga nakwenda kwenye msiba Morogoro. Lakini mimi nilipofika niliiacha ile tabia kule kule, kwa sababu huku hakuna anayenijua hata anionee kijicho. Mutai alikuja nayo, akaoa nayo, akalea watoto nayo. Wakinunua gari, watoto wanaonywa wasiseme kanisani. Mkewe akienda kwenye usaili wa kazi, ni siri. Nilimwambia mara nyingi kwamba anawafundisha watoto kuishi kama wezi, akacheka.

Tunafanya kazi pamoja, kuegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja hapa Alexandria. Mgeni anashuka, anatupa funguo, sisi tunalipeleka gari chini ya jengo na kulileta anapolitaka. Wikendi Mutai anakwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Mkewe Jerotich ni nesi. Tunakaa jengo moja, upande wa West End, ukuta mmoja kati yetu, na kwa miaka yote hiyo sauti niliyoizoea kupita ukutani ni ya Jerotich na watoto wawili, Abigail na Ethan. Ya Mutai niliisikia kazini.

Sasa, huku Marekani mtoto akifika darasa la nne hupewa ruhusa ya kuingia hifadhi zote za taifa bure, yeye na familia yake, mwaka mzima. Abigail alikuja nayo nyumbani anaruka. Alikuwa amekwisha kuchagua: Yellowstone, akaone nyati wa huku, wale wenye manyoya mengi shingoni. Aliwachora kila mahali, mpaka nyuma ya bahasha za kanisa. Baba yake akamwambia, "Tutaona, mama." Anamwita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. Mwaka ukaisha, ruhusa ikafa. Kiangazi kilichofuata mtoto akauliza tena, akajibiwa vile vile. Sisi tuliokulia nyumba za Kiafrika tunaijua hiyo "tutaona". Ni hapana ya mzazi asiyetaka kelele. Abigail naye alikuja kuijua. Alipofika sekondari hakuuliza tena, na Mutai akadhani ameridhika.

Sitaki mnielewe vibaya. Mutai hakuwa baba mbaya, na hakusahau hata kidogo. Alikuwa kazini, basi. Ukifanya kazi mbili, likizo zako hazikutani. Huku wakikuachia, kule wanakuhitaji. Lakini Abigail alipokaribia mwaka wa mwisho wa shule, akaanza kuzungumza habari za vyuo vya mbali, nilimwona mwenzangu ameshtuka kama mtu aliyepitiliza kituo. Binti anaondoka Agosti, na yeye hajawahi kukaa naye wiki moja mfululizo.

Ndipo alipoanza kupanga. Vyumba ndani ya hifadhi ile huwahiwa mwaka mzima kabla, na siku vilipofunguliwa Mutai alikuwa kwenye chumba chetu cha mapumziko, simu mkononi, anabonyeza huku anaomba Mungu kwa Kikalenjin. Alivipata. Akanivuta pembeni.

"Boni, nime-book. Cabin mbili, ndani kabisa ya park. Hii kitu usiambie mtu, hata bibi yako."

"Hongera, Baba Abi! Na mtoto mwenyewe?"

"Huyo ndiye hafai kujua kabisa. Akijua, shule mzima itajua. Nitawaambia tukiwa tumefunga mizigo."

Mwaka ule sikusikia kingine. Alijua nyati wanashukia bonde gani alfajiri. Alijua wanazaa lini, na kwamba ukimsogelea kwa picha anakurusha juu. Alinunua makoti manne, maana hata Julai asubuhi kule ni baridi, akayaficha kwenye gari. Nikamtania: "Kwetu nyati tunamkimbia bure, wewe unasafiri mpaka Wyoming kumkimbia!" Akaniambia kitu kilichonikaa. Alizaliwa jirani na Maasai Mara na hajawahi kukanyaga ndani. Watu wa kwao walichunga ng'ombe pembeni, wakatazama magari ya wageni yakipita.

"Mimi nilikuwa mtoto wa kupungia watalii mkono, Boni," alisema. "Wacha huyu wangu aingie."

Jerotich alijua, kwa sababu ilibidi apange zamu zake hospitali, lakini alikatazwa kusema, naye akatii shingo upande.

Mei ikaja na balaa lake. Msimamizi wetu Christopher alibandika ratiba: Juni ni msimu wa mahafali, hoteli imejaa, na aliyeomba wiki nzima Julai hapewi Jumamosi ya Juni. Mahafali ya Abigail yalikuwa Jumamosi ya Juni. Mutai alikwenda kumwomba, akarudi amekunja uso. Achague moja.

Akachagua wiki ya Julai.

Nilikasirika, tena sana. Nikamwambia, "Basi nenda nyumbani leo umwambie binti yako kwa nini hutakuwepo. Mwambie, Baba Abi. Mtoto hasomi moyo."

"Safari haitangazwi."

"Hii si viza!"

"Boni, akiona zile nyati, atajua nilikuwa wapi."

Siku ile ya mahafali sitaisahau. Hoteli ilijaa familia kutoka majimbo yote, maua, maputo, mashangazi waliovaa kofia. Mabinti walishuka na majoho yao, na Mutai ndiye aliyewafungulia milango. Alimwambia kila mmoja, "Congratulations!" kwa sauti ile ile ya furaha, akapokea funguo za baba yake, akaenda kuegesha. Nilimwambia tena aondoke, nitayaegesha magari yake, Christopher nitapambana naye mimi. Akatikisa kichwa. Mchana Jerotich alituma picha, Abigail na joho la bluu kati ya mama na mdogo wake, hatabasamu. Mutai aliitazama, akaifuta simu kwa kiganja, akaenda kuchukua gari lingine. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia.

Jumapili ya Julai, siku moja kabla ya safari, alitualika mimi na mke wangu Honorata kula baada ya ibada. Kulipikwa ugali, kuku na mboga ya kwao ya majani machungu, na Mutai alivaa suti. Makoti manne yalikuwa juu ya kochi, yamefunikwa shuka. Hakuna aliyejua isipokuwa Mutai, Jerotich na mimi. Tukala. Akasimama, akaomba sala ndefu ya Kipentekoste, kisha akafunua shuka kama mchezaji wa mazingaombwe.

"Kesho asubuhi," alisema, "tunaenda Yellowstone. Sisi wote. Wiki mzima."

Ethan aliruka mpaka kiti kikaanguka. Jerotich alikuwa analia na kucheka, mzigo wa siri umemshuka. Honorata akapiga kigelegele. Mimi nilimtazama Abigail.

Hakusogea. Alikuwa ameshika uma, anauangalia. Watoto wetu wanasikia Kiswahili chote lakini wanajibu kwa Kiingereza, na yeye alijibu kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alisema kesho asubuhi anaondoka. Chuo chake kule Ohio kina masomo ya kiangazi ya kuwaanzishia wanafunzi wapya. Alijiandikisha wiki ya mahafali, na kwa kuwa ametimiza miaka kumi na minane hahitaji sahihi ya mzazi. Mama wa rafiki yake anawapeleka kwa gari. Mizigo iko chini ya kitanda.

"Abi!" Jerotich alipata sauti. "Hukuniambia hata mimi?"

Abigail alimjibu kwamba mama angemwambia baba. Kisha akamgeukia baba yake. "You taught us, Dad. Safari haisemwi mpaka umefika." Alisema angepiga simu akifika.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na nimelisikia neno hilo maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuliona likimpiga mtu usoni mezani kwake. Mutai alishika ukingo wa kiti. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Ile siku ya graduation," alisema, "nilikuwa natafuta hii week. Walisema ni-choose moja. Nika-choose hii. Ni kwa ajili yako, mama."

Hapo ndipo binti alipolia. Alisema alikuwa akitazama viti vya wazazi mpaka jina lake likaitwa. Alisema alijua asingekuja, na bado alitazama. "Ungeniambia," alisema, na hilo alilisema kwa Kiswahili. "Ningesubiri. Ungeniambia tu, ningesubiri."

"Subiri sasa. Week moja tu."

Akatikisa kichwa. Nafasi ya masomo ingepotea, lakini nadhani hata isingepotea asingekaa. Kuna kuchelewa ambako hata mtoto mwenye moyo mzuri hawezi kukufidia. Aliinuka, akakusanya sahani, akaziosha zote kama alivyofunzwa, akaingia chumbani. Tuliaga bila kunywa chai. Kupitia ukuta sikusikia kelele yoyote usiku ule.

Asubuhi gari la mama wa rafiki yake lilikuja. Mutai alibeba mizigo ya binti mwenyewe, akaipanga kwa ustadi. Hiyo ndiyo kazi yake, kuhudumia gari la mtu anayeondoka. Abigail alimkumbatia, mkumbatio mfupi wa adabu. Jerotich alitaka waende Yellowstone watatu, kwa ajili ya Ethan. Mutai alifika mpaka mlangoni na begi, akaketi juu yake, akashindwa. Ethan alikuwa akibamiza mlango wa chumba chake siku mbili. Nilimhurumia huyo kuliko wote, maana hakuna aliyemuuliza chochote.

Jumatano Mutai alikuja kazini. Hakuruhusiwa kufanya kazi, yuko likizo, kwa hiyo alivaa nguo za nyumbani akaketi kwenye benchi yetu mbele ya hoteli, anatutazama tukikimbia na funguo. Mtu mzima, likizo ya kwanza ya kweli maishani mwake, na hajui pa kuipeleka. Nilimletea kahawa, nikamwambia ampigie binti.

"Nimwambie nini?" alisema. "Boni, najua kila kitu ya zile nyati. Huyu msichana sijui hata anaenda kusomea nini. Yule mwenye alitaka safari alikuwa mtoto wa darasa la nne. Nilikuwa napanga na huyo."

"Basi muulize huyu wa sasa. Mpigie, mzee."

Akapiga. Aliweka simu kwa sauti ya nje, kama tulivyozoea tukiwa na funguo mikononi. Abigail alipokea haraka kuliko nilivyotarajia, na sauti yake haikuwa na kinyongo. Alisema amefika, chumba ni kizuri, mwenzake wa chumbani anatoka Cleveland. Mutai alikaa wima. Niliona anatafuta swali, midomo inasogea. Wakati huo huo magari mawili yaliingia pamoja, moja likapiga honi, na Christopher akaita kwamba funguo zichukuliwe.

"You're at work," Abigail alisema. Hakusema kwa lawama. Alisema kama alivyokuwa akisema tangu ana umri wa kupokea simu, mtoto aliyefundishwa kutomsumbua baba. "It's okay, Dad. I'll let you go."

"Hapana, mama. Niko leave," Mutai alisema. "Niko leave, sina kazi, ongea." Lakini binti alikuwa ameshakata.