Saa Mbili Imepita, Mfumo Umefunga

Mpaka leo nikikumbuka asubuhi ile damu inanichemka. Nilikuwa nimepanda Machame kumwona mama akipeleka maziwa kituoni. Nikamkuta mlangoni na ndoo yake, kitenge kimejaa tope, na majirani zake nyuma yake. Karani anawaambia saa mbili imepita, mfumo umefunga.

Mfumo wenyewe wa kupokelea maziwa nilikuwa nauhudumia mimi, kutoka ofisini Moshi mjini. Ulikaa kwenye seva za kukodi mtandaoni, na saa ya kufunga ilipangwa na wakubwa wa Dar ambao hawajui utelezi wa bonde letu wakati wa masika. Jana yake niliingia mwenyewe nikaisogeza hadi saa tatu, nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Kesho msikimbie na hilo tope, mtapokelewa."

Naye akawatangazia majirani. Sasa walikuwa wanamtazama yeye, si karani.

Nikampigia bosi, nikamweleza. Akacheka!

"Dogo, ulibadilisha kwa mkono? Kuna programu inakagua seva zote. Ikikuta kitu hakifanani na faili letu la mipangilio, inakirudisha kilivyokuwa."

"Basi badilisheni faili."

"Andika maombi, tutayajadili kwenye kikao."

Kikao! Programu sikuilaumu, ilifanya ilichotumwa. Lakini huyu mtu alijua tangu siku aliyoniajiri, na hakuona haja ya kuniambia. Nilitamani kuitupa simu mgombani.

Nikafungua kompyuta palepale kwenye benchi, nikaizima programu yao isiguse seva yetu, nikarudisha saa tatu. Karani akajaribu tena, mfumo ukakubali. Simu ikaita.

"Nani kaizima?"

"Mimi."

"Unajua hiyo ni kazi yako inakwenda?"

"Chukueni."

Nikakata, nikamgeukia mama nikitabasamu kama mjinga. Yeye alikuwa anawasogeza wenzake mbele, mmoja mmoja, anawaomba radhi kwa kuwachelewesha. Nikamwambia apite, akamvuta jirani mwingine mbele. Alipowamaliza wote, karani alifunika tangi. Limejaa, akasema, na gari limeshawashwa.

Mama alijitwisha ndoo yake. Nilitaka kumpokea, akanikwepa.

"Umenifanya mwongo mbele za watu," akasema, akaanza kupanda.