Taa Iliyowaka Bila Betri

Kutengeneza simu nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video na kuharibu simu zangu mbili. Sina cheti chochote. Kwa hiyo taa ndogo ilipowaka chumbani kwangu Jacobs, mtaa wa viwanda, ikiwa imeunganishwa na koili tu, bila betri wala plagi, niliketi kitandani nikaikodolea macho. Hiki ndicho kingekuwa cheti changu. Waya wa koili ile nilikuwa nimeuzungusha upya mara saba. Mzunguko mmoja ukipanda juu ya mwingine, nafumua yote.

Video zilizonifundisha zilinionya pia. Serikali hazimpendi mtu wa umeme wa bure: hutembelewa, na mashine yake hupotea. Nikabandika plasta kwenye kamera ya simu. Gari jeupe likiegeshwa mtaani, nilinakili namba yake. Naona aibu kuandika haya, lakini hofu ile ilinipa raha. Nani anamwinda mtu asiye na kitu?

Niliyemwambia ni bosi wangu tu, Mkongomani mwenye duka la simu mjini, tunayemwita Papa. Alicheka hadi akaweka bisibisi chini.

"Petit, mutoto yangu, serikali gani iko inakutafuta? Siye wageni tunapanga mulongo ya karatasi kwa ofisi yao tangu asubuhi ili watuone, na hawatuoni!"

"Papa, usiseme kwa sauti."

"Basi ilete. Sheria ya hapa unaijua."

Sheria ya duka ni kwamba aliyetengeneza hapimi. Simu niliyoifungua mimi huijaribu mwingine. Kesho yake nikaileta, nimeifunga kwa taulo. Papa akaigeuza huku na huku. Haikuwaka.

Wazo langu la kwanza: amenunuliwa. Mtu aliyenipa kazi nikiwa sina hata viatu vya maana!

"Kuna mtu umemwambia," nikasema.

Hakukasirika. Saa tisa alasiri alifunga duka, tukapanda teksi hadi kwangu.

Chumbani ikawaka. Kabla sijashangilia, Papa aliichukua akaanza kutembea nayo. Mlangoni ilizimika. Karibu na ukuta wa nyuma iling'aa kuliko nilivyowahi kuiona. Akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi.

"Iko waya munene nyuma ya huu ukuta, ya kiwanda. Koili yako iko inaramba umeme ya jirani." Akanitazama. "Siku kiwanda kimefunga, inawaka?"

"Inawaka."

Akanyoosha mkono aone daftari langu la vipimo. Nilimpa. Lilikuwa safi, kila mstari umepigwa kwa rula. Akafunua polepole, kidole kikifuata siku: Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu. Tena Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu.

"Jumapili ziko wapi?"

Kila Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa, ilikuwa imegoma kuwaka, na kila Jumapili niliamini kuna watu wanaizima kutoka mbali. Sikutaka hila zao zichafue daftari langu. Nilifungua mdomo nimweleze hivyo, nikayasikia maneno yangu kabla sijayatamka.

"Nilizichana, Papa."