Bi Mstari na msumari uliobaki uwanjani

Ni Ijumaa asubuhi, umande haujakauka, na Bi Mstari yuko magotini. Mkono wa kulia ameshika uma wa jikoni, wa kushoto chekecheo la unga. Anachokonoa udongo mwekundu polepole, anauteka kwa kiganja, anauchekecha, kisha anakagua kilichobaki kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

"Usikanyage hapo!" anafoka, mwandishi anapopiga hatua moja mbele. Papo hapo anaomba radhi. "Samahani, mwanangu. Wiki hii hata paka nampigia kelele."

Anatafuta msumari. Huenda ni mmoja, huenda ni sita, huenda hakuna hata mmoja. Hilo ndilo linalomtia hofu, kwa sababu kesho, Jumamosi, bingwa wa tenisi ambaye mji mzima bado unamshangilia anarudi nyumbani kucheza na watoto katika uwanja huu huu, na mchezo wake wote ni wa kuteleza.

Mashabiki wanamwita Ganda la Ndizi. Mpira ukienda mbali, yeye hakimbii mpaka mwisho. Hatua za mwisho anaburuza mguu juu ya udongo, vumbi linatimka, na raketi inafika pale ambapo mpinzani hakutegemea. Ndivyo alivyonyakua kombe kubwa Jumapili iliyopita. Sasa mguu huo, kwa kasi hiyo, ukutane na msumari wenye urefu wa kidole.

"Watu wananiambia nisifikirie," anasema Bi Mstari. "Sifikirii. Naona. Nikifumba macho tu, naona."

Ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka ishirini na mbili amekuwa mtunza viwanja wa klabu hii ndogo iliyobanwa kati ya karakana na ukuta wa shule. Kazi aliirithi kwa mumewe, aliyefariki na kumwachia fagio, rola na watoto watatu, wote wakiwa wazito kusukuma, kama anavyopenda kutania. Mshahara wake wa mwezi haununui raketi moja ya zile zinazopita mbele yake kila siku. Jina la Bi Mstari alipewa na wachezaji kwa sababu ukikanyaga mstari aliokwisha kuufagia, hata uwe mwenyekiti wa klabu, utaonywa kama mtoto.

Klabu ina viwanja vitatu. Viwili ni vya saruji. Cha tatu, kipenzi chake, kimetandazwa matofali yaliyosagwa, ndiyo maana mchezaji anaweza kuteleza. Mistari ya uwanja huu haichorwi kwa chokaa. Ni utepe mweupe wa plastiki, unaopigiliwa chini kwa misumari ya alumini, isiyoshika kutu.

Hapa ndipo Ganda la Ndizi alipojifunzia. Mama yake alikuwa mpishi wa kantini ya klabu, na binti alikuwa akimsubiri mama amalize zamu huku akipiga mipira iliyotupwa, kwa raketi iliyokatika nyuzi mbili.

"Kuteleza kwenyewe alikuanza kwa uvivu," Bi Mstari anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Anachelewa mpira, anaburuza mguu. Mimi namfokea, wewe mtoto, unanichimbia uwanja! Leo watu wanakata tiketi kumwona akichimba."

Jumapili ya fainali, kantini ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya masinki. Mwanamke mmoja, msusi wa mtaa wa pili, ambaye kwa sauti yake ameitwa Vuvuzela tangu shule, alifika na mteja aliyesukwa upande mmoja tu. Fundi wa kuchomelea, shemeji yake Bi Mstari, mdogo wa marehemu mumewe, aliitazama seti ya mwisho akiwa amegeukia ukuta. Alikuwa anauliza tu, "Amepata? Amepata?"

Seti hiyo ilikwenda sare mpaka ukingoni. Mara mbili bingwa alikuwa pointi moja tu aukose ubingwa, na mara mbili friji ya kantini ikasikika ikinguruma. Mpira wa mwisho ulipogonga wavu upande wa mpinzani, hakuna aliyeamini kwanza. Kisha mtu mmoja akapiga kelele, na viti vikaanguka.

"Nilimkumbatia mwanamume nisiyemjua," anakumbuka Vuvuzela. "Naye analia, mimi nalia, mteja wangu na nusu kichwa chake analia. Mtoto wetu, jamani! Tumemwona akinunua maandazi kwa mkopo hapo nje."

Umati ukahamia uwanja wa tatu. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Bi Mstari.

"Mimi ndiye niliyefungua," anasema, na anaacha kuchekecha. "Nisimsingizie mtu. Walisema wanataka kuugusa tu. Nikasema guseni, ni wa kwenu. Mimi mwenyewe machozi yananitoka, ningemkataza nani?"

Walianza kwa kuugusa. Wengine wakaubusu udongo, wakainuka na midomo myekundu. Kisha mtu, hadi leo hajulikani nani, akavuta kona ya mstari wa nyuma, pale bingwa alipokuwa akisimama enzi za utoto wake. Utepe ukang'oka kwa mshindo, misumari ikiruka huku na huku, na watu wakashangilia kana kwamba pointi nyingine imepatikana. Vuvuzela alitoa mkasi wake wa kazi. Mstari mzima ukakatwakatwa vipande vya kumbukumbu.

"Nilikata mimi, sikatai," anasema msusi huyo, akitazama viatu vyake. "Nilijiona kama nakata keki."

Waliokosa utepe waliingia banda la vifaa, wakakuta kopo la misumari ya akiba, iliyong'olewa kwenye mistari ya zamani. Nayo ikagawanywa.

Jumatatu alfajiri Bi Mstari alikwenda kusawazisha mashimo. Kitu kikang'aa. Alipokichomoa kilikuwa msumari, umelala nusu ndani ya udongo, ncha juu. Akaona wa pili. Alipopata wa tisa, akakaa pale pale chini.

Simu ililia akiwa bado amekaa. Alikuwa bingwa mwenyewe, sauti imekauka kwa mahojiano.

"Shangazi, nimewaambia watu wa runinga nitacheza na watoto kwenye uwanja wangu. Mzima lakini, huo uwanja?"

"Mzima, mwanangu," Bi Mstari akajibu. "Wewe njoo."

Anasema hajui neno hilo lilitoka wapi. "Mtu ameshinda dunia, ananipigia mimi kabla hata hajalala. Nimwambie nimefungulia watu wakauvunja?"

Jumanne shemeji yake alikuja na sumaku kubwa aliyoing'oa kwenye spika mbovu, ameifunga kamba, anaiburuza kwa madaha kama mtu anayetembeza mbwa. Ilikusanya vibanio vya nywele, vizibo vya soda, sarafu moja ya zamani na bawaba. Msumari wa uwanja, hata mmoja haukunasa.

"Shemeji, hii misumari ni ya alumini," Bi Mstari akamwambia.

"Sasa si ungesema tangu mwanzo!"

"Wewe ndiye fundi wa vyuma. Nikufundishe sumaku mimi?"

Walicheka kidogo, kisha hawakucheka tena. Hapo ndipo Bi Mstari alipopata wazo ambalo lilionekana la busara. Mstari wa nyuma ulipigiliwa misumari themanini. Kama kila aliyeondoka na msumari angeurudisha, na akijumlisha na aliyoiokota yeye, angejua ni mingapi imebaki ardhini. Vuvuzela akatangaza mtaa hadi mtaa, bila kipaza sauti, maana hakihitaji: utepe baki nao, msumari rudisha, hakuna atakayeulizwa.

Jumatano jioni ndoo iliyowekwa getini ilikuwa imejaa zaidi ya nusu.

Misumari ilipita mia mbili. Ilikuwemo ya mabati, ya kitanda, hata ya kiatu. Watu ambao Jumapili hawakufika kabisa uwanjani walikuwa wameng'oa misumari majumbani mwao wakaileta, wasije wakaonekana hawakuwepo siku ya ushindi. Mzee mmoja mstaafu alileta wa kwake umefungwa kwenye leso, akaapa kwamba aliung'oa kwa meno.

Sumaku ya shemeji hatimaye ikapata kazi: iliwatenga waongo. Lakini hata ya chuma ilipoondolewa, ya alumini iliyobaki ilizidi ile ya mstari, kwa kuwa ya kopo la akiba ilikuwa imechanganyika nayo, na hiyo hakuna aliyewahi kuihesabu. Hesabu ikafia hapo.

"Niliiangalia ile ndoo nikataka kulia," anasema. "Wamenirudishia kwa upendo. Na kwa upendo huo huo wamenifunga macho."

Katibu wa klabu, mwanamume mpole ambaye wiki hii amepungua mpaka mkanda wake umeongezwa tundu, alitaka mambo yaishe. Majukwaa ya mbao yamekodiwa, watoto mia tatu wamealikwa, na kwenye saruji bingwa hatelezi. Alimwomba Bi Mstari apigilie utepe mpya, amwagie uwanja maji, asawazishe kwa rola.

"Nilimwambia, mama, uwezekano ni mdogo sana," katibu anaeleza. "Akaniuliza, mdogo kwa nani? Tangu hapo na mimi silali."

Kwa hiyo tangu jana anachekecha. Bi Mstari aliamua kukwangua udongo wote wa nyuma ya uwanja, upana wa hatua sita kutoka ulipokuwa mstari, na kuupitisha kwenye chekecheo kiganja kwa kiganja. Peke yake angemaliza mwezi ujao. Asubuhi hii mashabiki walewale wa Jumapili wameanza kuingia, kimya, kila mmoja na chekecheo lake la nyumbani. Vuvuzela amefunga saluni. Mzee wa leso amepewa kigoda kwa sababu ya mgongo. Wamevaa bado fulana zenye picha ya bingwa, na picha hizo zote sasa ni nyekundu kwa vumbi.

Hawaimbi. Mtu akipata msumari anainua mkono, na kila kichwa kinageuka. Hadi saa sita mchana mikono imeinuka mara nne.

"Ungedhani ukiupata unafurahi," anasema shemeji. "Hapana. Ukiupata ndiyo unajua ilikuwa kweli. Na kama huu ulikuwepo, mwenzake je?"

Ni Vuvuzela aliyemsukuma Bi Mstari afanye lile alilokuwa analikwepa tangu Jumatatu. "Dada, mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia, wakiwa wameinama bega kwa bega. "Mpigie mtoto. Mwambie."

Alipiga saa saba, amejificha bandani, mlango ameurudishia. Alieleza yote: geti, mkasi, ndoo, uongo wake. Anasema alitegemea kugombezwa, na angefurahi kugombezwa.

Bingwa alicheka aliposikia habari ya mzee na meno yake.

"Shangazi," akasema, "wewe ndiye unayeujua huo uwanja. Ukiniambia nicheze, nitacheza. Ukiniambia nisicheze, nitakaa na watoto tupige picha, basi. Sitamuuliza mtu mwingine."

Bi Mstari anaurudia usemi huo mara mbili, taratibu. Anasema tangu azaliwe hajawahi kutwishwa mzigo mzito kama huo, na aliyemtwisha alifanya hivyo kwa heshima. Angeweza kusema asicheze, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini watoto mia tatu wanakuja kumwona Ganda la Ndizi akiteleza, na baadhi yao raketi zao zimekatika nyuzi.

Saa kumi na moja jioni chekecheo la mwisho linakung'utwa. Udongo unarudishwa, unanyunyiziwa maji, rola inapita, utepe mpya unapigiliwa. Safari hii Bi Mstari anaitoa misumari mwenyewe kwenye pindo la kanga yake, mmoja mmoja. Mashabiki wanatazama kutoka nje ya wavu wa uzio. Uwanja umelala laini, mwekundu, mzuri kuutazama. Mtu anaanza kupiga makofi, Vuvuzela anamshika mkono.

"Umekwisha?" shemeji anauliza.

"Kazi imekwisha," anajibu.

Anaulizwa na mwandishi atamwambia nini bingwa. Anafunga geti, anavuta kufuli mara mbili kuhakikisha, anaurudisha ufunguo shingoni.

"Kesho nitakuja kabla ya mtu yeyote," anasema. "Nitavua viatu. Nitaanzia kona ile mpaka hii, mbele na nyuma, kwa kuburuza miguu kama anavyofanya yeye, kila mahali anapoweza kufika. Nikimaliza ndipo nitampigia."

Na kama msumari upo?

"Basi unipate mimi."

Haogopi?

"Naogopa sana, mwanangu," anasema Bi Mstari. "Lakini mguu wangu hakuna anayekuja kuutazama."